Namna ya Kuzitazama Sanamu za El Anatsui

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya El Anatsui, msanii wa sanamu kutoka Ghana, huona kitambaa. Huona guo kubwa la rangi ya dhahabu na nyekundu, limetundikwa ukutani na kufanya mikunjo kama khanga iliyoanikwa upeponi, na macho hayampi sababu yoyote ya kushuku. Kumbe guo hilo ni alumini: ni maelfu ya vizibo vya chupa za pombe kali, vilivyopondwa, vikakatwa, vikakunjwa na kuunganishwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitazama kazi ya aina hiyo, ili mtazamaji asitoke ukumbini na neno "maridadi" peke yake.

Anza kwa mbali, wala usisome kwanza kibao cha maelezo kilichobandikwa pembeni. Simama upande wa pili wa chumba na uyaache macho yaamini kwamba ni kitambaa, kwa sababu imani hiyo ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Kisha sogea polepole, hatua moja baada ya nyingine, ukitafuta mahali ambapo kitambaa kinavunjika na kuwa chuma. Ukishapafikia, rudi nyuma hatua mbili, halafu songa tena mbele. Fanya hivyo mara kadhaa bila haraka, hata kama watu wanakupita. Kiinimacho cha mganga wa mazingaombwe hufa pale siri inapojulikana. Hiki hakifi, kwani hata baada ya kuzijua vizuri nyaya na vizibo, ukirudi nyuma jicho linaona kitambaa kilekile. Msanii hajaficha kitu, na kwangu mimi huo ndio uzito wa kazi zake.

Baada ya hapo karibia kadiri walinzi wanavyoruhusu, pasipo kugusa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hatua hii ina wepesi wake: yeyote aliyewahi kucheza drafti kwa vizibo vya soda anaujua uzito wa kizibo mkononi, na kumbukumbu hiyo ya vidole itamsaidia kuliko maelezo yoyote. Angalia ni vipande gani vimepondwa vikawa bapa, vipi ni pete za shingo ya chupa zilizosokotwa, na vipi vimeachwa na matundu yanayopitisha mwanga. Soma majina ya pombe yaliyobaki juu yake. Uangalie pia ukuta wenyewe, kwa maana penye matundu kivuli huanguka nyuma ya kazi na kuiongezea kina ambacho alumini nyembamba peke yake isingekuwa nacho.

Majina hayo ya pombe yanahitaji kufahamika. Anatsui alizaliwa mwaka 1944 huko Anyako, Ghana, na baba yake alikuwa mfumaji wa kente, kitambaa cha jadi cha Ghana. Tangu mwaka 1975 alifundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya mbao, akizikata kwa msumeno wa mashine na kuziunguza, mpaka mwaka 1998 alipookota mfuko wa vizibo karibu na Nsukka. Hakuvutwa na kung'aa kwake tu. Pombe ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizileta Afrika Magharibi wakati wa biashara ileile iliyowavusha watu Atlantiki wakiwa watumwa, na kwa hiyo kila kizibo kinabeba historia hiyo pamoja na midomo ya walioinywa chupa hiyo majuzi.

Hatua inayosahaulika zaidi ni kuzunguka nyuma, kila inapowezekana. Katika Tate Modern, jumba la makumbusho ya sanaa la London, kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024, Anatsui alitundika kazi tatu kubwa katika ukumbi uliokuwa wa mitambo ya umeme. Ya kwanza ilifura kama tanga la jahazi, na juu yake vizibo vyekundu vilichora mwezi. Ya pili ilikuwa vipande vingi vyenye maumbo ya watu, vikining'inia hewani vimetawanyika, navyo vilijipanga kuwa duara moja, mfano wa dunia, kwa mtu aliyesimama mahali pamoja tu. Asiyetembea hakuiona. Ya tatu ilikuwa guo jeusi kutoka juu hadi sakafuni, ambako vizibo viliumuka kama mawimbi na majabali. Aliyepita nyuma yake alikuta rangi tele ambazo weusi wa mbele haukuzidokeza hata kidogo. Ndiyo maana namsihi mtazamaji asiridhike na upande mmoja, na kama ukumbi una ghorofa, apande na kutazama kutoka juu.

Mwisho, chunguza mikunjo. Anatsui hatoi umbo moja la kudumu kwa kazi zake za vizibo: hukunjwa zikasafirishwa, na zinapofika, wasimamizi wa maonyesho huwa na uhuru wa kuamua wapi guo livutwe, wapi lilegezwe na wapi lifanye kilima. Jiulize basi kwa nini mkunjo huu umewekwa hapa, na mwanga unautendea nini. Simu itoe mfukoni sasa, si kabla, na upige picha ya ubavuni kutoka chini, pale kivuli na mikunjo vinapoonekana kwa pamoja. Andika mahali na tarehe, kwa kuwa kazi hiyohiyo itakapotundikwa kwenye ukuta mwingine itakuwa na mikunjo tofauti, nawe utakuwa na cha kulinganisha.