Kibali cha kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar es Salaam, kwa mashua ya tanga

Kabla hujamtafuta karani wa hifadhi ya bahari, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ikifika saa nne asubuhi bahari ya Kunduchi imeshakupwa na mashua imekaa mchangani, na hakuna mhuri wa kuisukuma. Ama uondoke alfajiri, ama uchague siku za maji mafu, yasiyokupwa sana.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, yaani yanayolindwa kisheria, tangu 1975. Ada ya kuingia ni ya serikali, haipiti mkononi mwa nahodha, hata akikwambia "nipe mimi bosi, nitamalizana nao". Unaomba bili kwa karani, unapewa namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, unalipa kwa simu.

Hapo kwenye bili ndipo ilipoteketea asubuhi yetu. Hutengenezwa kwa idadi ya watu na uraia wao, na raia hatozwi sawa na mgeni. Shemeji yetu Mjerumani, mrefu kama mlingoti, aliandikwa raia. Kiasi kikishaingia hakirekebishwi pembeni. Sharti bili ifutwe itoke nyingine. "Mtandao unasumbua, kaka, kaa pale." Tukakaa pale. Dada wa dirishani alikuwa akibonyeza kwa kidole kimoja, kingine kina mafuta ya andazi. Ujumbe wa stakabadhi ulipoingia, maji yalishatukimbia, na nahodha alidai hela yake ya siku nzima. Kwa haki kabisa.

Kwa hiyo bili iombwe jana yake. Peleka orodha ya majina, uraia mbele ya kila jina, vitambulisho na pasipoti mkononi, na utaje kila kisiwa mtakachoshuka. Soma bili kabla ya kulipa, si baada.

Chombo nacho: cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kisiwe kimeisha muda, na jaketi okozi zihesabu mwenyewe, moja kwa kila kichwa, watoto za saizi yao. Ukijibiwa "nyingine zipo kisiwani", tafuta mashua nyingine.

Mkiondokea Msasani wakati wa kusi, upepo utokao kusini, kwenda Mbudya upepo unawasukuma mgongoni. Kurudi ni kubisha, kupigana na upepo wa mbele, mpaka giza. Uliza mapema kama mashua ina mashine, na petroli ni juu ya nani.