Umehamia Wichita? Jipange na tonado kabla ya Aprili

Nyie mliofikia Kansas, hapa Marekani, juzi juzi, sikilizeni. Mvua za kwetu unaingia ndani unakunywa chai mpaka ipite. Huku kuanzia Aprili mpaka Juni hewa ya joto na unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, inakutana na hewa kavu ya magharibi, halafu huko juu kuna upepo mkali unavuma upande mwingine kabisa, basi wingu linaanza kuzunguka, na hapo ndo inaweza kushuka tonado, nguzo ya upepo mkali inayozunguka kutoka winguni mpaka ardhini.

Siku unayochukua nyumba uliza besimenti, chumba cha chini ya ardhi, iko wapi. Hakuna? Chagua choo au kloseti (kistoo cha nguo) ya katikati, chini, isiyo na dirisha. Unaishi kwenye treila, zile nyumba nyepesi za kuhamishika? Usibaki humo, tafuta mapema jengo imara la kukimbilia. Aprili 26, 1991 tonado iliyopita Wichita mpaka hapo Andover, jirani kabisa, iliua watu 17, na 13 walikuwa kwenye mtaa mmoja wa treila wa Andover.

Siku hiyo hiyo kuna watu walijibanza chini ya daraja la barabara kuu wakapona, video ikazunguka nchi nzima, kila mtu akaamini daraja ni kimbilio. Mei 3, 1999 huko Oklahoma watatu wakafa chini ya madaraja. Upepo ukipita pale unabanwa unazidi nguvu, kwa hiyo hapana, msijaribu.

Sasa simu. Ikiandika "Tornado Watch" ujue hali ya hewa inaruhusu tonado kutokea, chaji simu na usiende mbali. Ikiandika "Tornado Warning" ujue imeonekana kwa macho au kwenye rada, shuka sasa hivi, habari ya kuchungulia achana nayo. Mimi mwaka wa kwanza nilisimama barazani narekodi, mbingu kijani kama maji ya mchicha, mara mawe ya barafu saizi ya ndimu yakaanza kupasua vioo vya gari, ndo bibi wa jirani akanifokea niingie ndani.

Ving'ora vya tonado vikilia Jumatatu saa sita mchana ni jaribio tu, tulieni. Ila vimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje, ukilala AC inanguruma husikii kitu, kwa hiyo nunua redio ya hali ya hewa ya NOAA (idara ya serikali ya Marekani ya bahari na hewa), weka betri, iwe karibu na kitanda. Usiku ndo hatari yenyewe. Mei 25, 1955 pale Udall, humu humu Kansas, watu wengi walikuwa wameshalala, onyo halikuwafikia, wakafa 80 kwenye kimji kidogo tu. Mei 4, 2007 Greensburg, Kansas hii hii, nayo ilipigwa usiku, karibu mji wote ukafutika, lakini ving'ora vililia mapema, watu wakashuka besimenti, waliofariki hawakufika 15.

Huko chini shukeni na maji, tochi, dawa, karatasi za uhamiaji, na helmeti ya baiskeli kwa mtoto. Na viatu vya kufunga, sio ndala, maana mkitoka huko juu ni vioo na misumari mitupu.