Mkimbiaji katika raundi ya kwanza: namna ya kupima kama timu yako imchukue

Drafti ya NFL, ligi ya soka la Marekani, ambapo timu huchagua kwa zamu, raundi kwa raundi, wachezaji wapya kutoka vyuoni, ikikaribia kila mwisho wa Aprili, mabishano huwa yaleyale: je, huyu kijana ni mkimbiaji (yule anayekabidhiwa mpira akimbie nao) mzuri kiasi cha kuchukuliwa mapema? Naomba tuliweke pembeni swali hilo, kwa sababu linamtazama mtu asiyehusika sana na jibu. Saquon Barkley alikuwa mzuri kiasi hicho. New York Giants walimchukua nafasi ya 2 mwaka 2018. Msimu wake wa kwanza alikimbia yadi 1,307, na ukijumlisha pasi alizodaka akafikisha 2,028, akatunukiwa tuzo ya chipukizi bora wa ushambuliaji. Giants wakamaliza na ushindi 5 na vipigo 11. Miaka sita baadaye Barkley huyohuyo, sasa akiwa Philadelphia Eagles, akakimbia yadi 2,005 katika msimu mmoja na kutwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi. Kipaji alikuwa nacho tangu New York. Philadelphia alipata watu wa kumfungulia njia.

Kwa hiyo mimi huipima timu kwanza, ndipo nimfikie mchezaji. Ninachoandika hapa ni namna ninavyofanya, kwa kalamu na karatasi, kabla jina la kwanza halijatangazwa.

Anza na safu ya mbele, yaani watu watano wanaomfungulia njia mkimbiaji na kumlinda mrusha pasi. Andika majina matano: takoli wa kushoto, gadi, senta, gadi, takoli wa kulia. Mbele ya kila jina andika umri na mwaka ambao mkataba wake unakwisha. Kama majina matatu hayatakuwepo baada ya misimu miwili, weka kalamu chini, kwa sababu jibu umeshalipata: timu hiyo haina kazi na mkimbiaji wa nafasi za juu.

Wanaobisha huniambia kuhusu Ezekiel Elliott. Dallas Cowboys walimchukua nafasi ya 4 mwaka 2016 na mara moja akaongoza ligi kwa yadi 1,631. Timu ikashinda mechi 13 na kupoteza 3, huku kwotabeki (mrusha pasi mkuu) Dak Prescott naye akiwa chipukizi aliyechukuliwa raundi ya nne. Kweli kabisa. Lakini tazama walichokifanya Cowboys kabla yake. Mwaka 2011 raundi ya kwanza walimchukua Tyron Smith, takoli. Mwaka 2013 raundi ya kwanza, Travis Frederick, senta. Mwaka 2014 raundi ya kwanza, Zack Martin, ambaye wakamfanya gadi. Wote wa safu ya mbele. Elliott aliingia kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa. Anayetaka kumwiga Elliott aige na hiyo miaka mitano iliyomtangulia.

Majina peke yake hayatoshi, lazima uangalie mechi. Chukua mechi tatu au nne za timu yako za msimu uliopita, na kila mpira wa kukimbia unapochezwa, simamisha picha pale mkimbiaji anapokabidhiwa mpira. Usimwangalie yeye. Angalia mbele yake: kuna mwanya, au kuna migongo ya wenzake wakisukumwa kurudi nyuma? Iendeleze picha taratibu mpaka mlinzi wa kwanza amguse, kisha isimamishe tena. Aliguswa wapi? Ukiona anaguswa nyuma ya mstari ambapo mchezo ulianzia, au palepale kwenye mstari, mara kwa mara, basi mkimbiaji mpya naye atakutana na walinzi walewale mahali palepale. Pengine atamkwepa mmoja. Wawili, mara chache. Watatu, hapana.

Hali inayofurahisha ni ile nyingine: mwanya upo, mkimbiaji anafika kwa mlinzi wa pili akiwa wima na akiwa na kasi, halafu anaangushwa na mtu mmoja tu kwenye uwanja wazi. Yadi nne, tano, chini. Mpira unaofuata, vilevile. Hapo safu ya mbele imeshafanya kazi yake na yadi zimebaki mezani bila mtu wa kuzichukua. Timu ya namna hiyo ndiyo yenye haki ya kumtazama mkimbiaji wa raundi ya kwanza, na ukiiona mara moja hutaisahau.

Ukitoka hapo nenda kwenye fedha, na hapa ndipo mashabiki wengi hupotea. Tangu makubaliano ya wachezaji na ligi ya mwaka 2011, mshahara wa chipukizi hupangwa na nafasi aliyochukuliwa. Awe kwotabeki, takoli au mkimbiaji, nafasi ya 2 hulipa sawa. Mkataba wa Barkley wa 2018 ulikuwa wa miaka minne na karibu dola milioni 31.2, yaani kama milioni 7.8 kwa mwaka. Mwaka huohuo Todd Gurley wa Rams alisaini mkataba uliokuwa mkubwa kuliko wa mkimbiaji mwingine yeyote, zaidi kidogo ya milioni 14 kwa mwaka. Na mwaka huohuo Matt Ryan, kwotabeki wa Atlanta Falcons, alisaini kwa wastani wa milioni 30.

Sasa piga hesabu. Giants walipomchukua mkimbiaji nafasi ya 2, hata angekuwa bora kuliko wote duniani, walikuwa wanaokoa kama milioni 6 kwa mwaka kulinganisha na kumnunua aliye bora sokoni. Kwotabeki bora nafasi ileile angewaokolea zaidi ya milioni 22. Na kwa kuwa ligi ina ukomo wa mishahara, kila milioni iliyookolewa ni gadi mwingine au mlinzi mwingine. Bei za sokoni zimepanda tangu hapo, lakini uwiano haujageuka. Mwaka 2025 Barkley aliongezewa mkataba wa zaidi ya milioni 20 kwa mwaka; mpokeaji (mdaka pasi) Ja'Marr Chase wa Cincinnati Bengals alipata milioni 40 na ushee. Kwa hiyo katika karatasi yako andika: bei ya mkimbiaji bora sokoni, toa mshahara wa nafasi unayochagulia. Fanya hivyohivyo kwa takoli, mpokeaji na mkimbiza-kwotabeki, yaani mlinzi anayemwandama mrusha pasi. Tofauti hiyo ndiyo thamani halisi ya chaguo lako.

Hesabu hiyo inakuwa na damu na nyama ukiangalia nani aliachwa. Mwaka 2023 Atlanta Falcons walimchukua Bijan Robinson nafasi ya 8. Nampenda Bijan, namna anavyobadili mwelekeo bila kupunguza mwendo ni raha kuitazama, na mwaka 2024 alikimbia yadi 1,456. Ila Falcons hao walikuwa tayari na Tyler Allgeier, waliyemchukua raundi ya tano mwaka 2022 na ambaye msimu wake wa kwanza alikimbia yadi 1,035. Nafasi ya 9, dakika chache baada ya Bijan, Eagles walimchukua Jalen Carter, mlinzi wa katikati. Mwaka uliofuata Eagles haohao wakamsajili Barkley kutoka sokoni. Mlinzi wakampata kwenye drafti, mkimbiaji wakamnunua, na Februari 2025 wakaifunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22 katika Super Bowl. Falcons hawakumkosea Bijan kwa lolote; walinunua kwa bei ya juu kitu walichokuwa nacho nusu, wakaacha walichokuwa hawana kabisa.

Kuhusu mchezaji mwenyewe nina mawili tu ya kuangalia, maana kasi na nguvu kila mtu huzipima. Moja ni mikono. Mkimbiaji asiyedaka pasi hutolewa uwanjani pale timu inapolazimika kurusha, na hizo ndizo dakika zinazoamua mechi. Christian McCaffrey, nafasi ya 8 mwaka 2017, alifanya mwaka 2019 kilichowahi kufanywa na Roger Craig na Marshall Faulk peke yao: yadi 1,000 za kukimbia na 1,000 za kupokea katika msimu mmoja. Mchezaji wa hivyo ni watu wawili kwa mshahara mmoja. Hata hivyo Carolina Panthers walimaliza msimu huo na ushindi 5 na vipigo 11, kwa hiyo rudi kwenye karatasi ya safu ya mbele na ya kwotabeki kabla hujashangilia.

La pili ni mzigo aliokwisha kubeba. Ashton Jeanty wa Boise State, aliyechukuliwa na Las Vegas Raiders nafasi ya 6 mwaka 2025, alikabidhiwa mpira mara 374 katika msimu wake wa mwisho chuoni na kukimbia yadi 2,601. Ajabu ya kazi! Ila kila mkabo hukaa mwilini. Andika idadi ya mbio zake zote za chuoni, na majeraha yote ya goti na kifundo.

Hilo linatuleta kwenye muda, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote yaliyobaki. Kwotabeki au takoli unaweza kumchukua leo timu ikiwa mbovu, ukamsubiri, na ukaja kumfaidi miaka minane baadaye. Mkimbiaji huja akiwa tayari, hutoa kilicho bora mapema, na mwili haumngojei mtu. Chaguo la raundi ya kwanza hukupa miaka minne na hiari ya mwaka wa tano. Mhesabu kwa miaka hiyo mitano na usihesabu zaidi. Gurley aliongezewa mkataba mwaka 2018, goti likamsumbua, na Machi 2020 Rams wakamwacha. Elliott aliongezewa miaka sita na dola milioni 90 mwaka 2019. Machi 2023 Cowboys wakamwacha. Barkley alikatika kano ya goti mwaka 2020, akiwa bado kwenye mkataba wa kwanza, na timu iliyomzunguka ilikuwa bado inajengwa. Basi jiulize bila kujipendekeza: ndani ya misimu mitatu ijayo, timu hii itakuwa inagombea ubingwa? Kama jibu ni “tutaona”, utakuwa umewasha taa mchana.

Mashaka yakibaki, kumbuka kinachopatikana chini. Mwaka 2017 Leonard Fournette alikwenda nafasi ya 4 kwa Jacksonville Jaguars. Alvin Kamara alisubiri hadi nafasi ya 67, Kareem Hunt hadi 86, na Hunt ndiye aliyeongoza ligi kwa yadi msimu huo. Derrick Henry alikuwa nafasi ya 45, Jonathan Taylor ya 41. Kansas City Chiefs walimchukua Clyde Edwards-Helaire nafasi ya 32 mwaka 2020, lakini aliyekuja kuwa mkimbiaji wao mkuu katika ubingwa wa msimu wa 2022 ni Isiah Pacheco, nafasi ya 251, raundi ya saba. Wengi wa raundi za chini hupotea bila kujulikana, hilo ni kweli. Lakini ukikosea raundi ya tano unajaribu tena mwakani bila kuumia.

Wapo wanaotoka hapo na kusema usimchukue kamwe, na siungani nao. Mwaka 2013 na 2014 raundi ya kwanza ilipita bila mkimbiaji hata mmoja, na mwaka 2024 hivyohivyo. Huko ni kukimbilia upande mwingine. Detroit Lions walipomchukua Jahmyr Gibbs nafasi ya 12 mwaka 2023, watu wengi walicheka. Fungua karatasi yako uwapime. Safu ya mbele: Taylor Decker, Frank Ragnow na Penei Sewell, wote wa raundi ya kwanza, wote wakati huo walikuwa bado wapo. Kwotabeki: Jared Goff, hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Wakati: wametoka kushinda mechi 9, wanapanda. Mikono: Gibbs alidaka pasi 52 msimu wake wa kwanza. Mzigo: mkimbiaji mwenzake David Montgomery aliubeba pamoja naye, hivyo Gibbs alikimbia mara 182 tu mwaka huo. Lions wakafika fainali ya NFC, moja ya kanda mbili za ligi, na msimu uliofuata wakashinda mechi 15 kati ya 17. Kila swali limejibiwa ndiyo, na raundi ya kwanza ikawa halali yake.

Tena Lions hawakumchukua walipokuwa wamekaa mwanzo. Walikuwa na nafasi ya 6, wakashuka hadi ya 12 kwa kubadilishana na Arizona Cardinals, na katika mabadilishano hayo wakapata nafasi ya 34, ambayo waliitumia kumchukua mdaka pasi Sam LaPorta. Ukishajiridhisha kwamba unamtaka mkimbiaji, hiyo ndiyo njia ya kwenda kumchukua: shuka kwanza. Timu nyingi zinamwogopa mkimbiaji, kwa hiyo atakungojea kidogo, na wewe unalipwa kwa kungoja.

San Diego Chargers waliifanya vizuri kuliko yeyote ninayemkumbuka. Walikuwa na nafasi ya 1 mwaka 2001 baada ya msimu wa ushindi mmoja na vipigo 15. Wakawapa nafasi hiyo Falcons, waliomtaka kwotabeki Michael Vick, na wao wakashuka hadi ya 5, wakiongezewa chaguo la raundi ya tatu, la raundi ya pili ya mwaka uliofuata, na mpokeaji Tim Dwight. Nafasi ya 5 wakamchukua LaDainian Tomlinson. Kisha, mwanzo wa raundi ya pili, nafasi ya 32, wakamchukua kwotabeki Drew Brees. Kufikia mwaka 2004, wawili hao wakiwa uwanjani pamoja, Chargers walishinda mechi 12 na kupoteza 4.