Kuripoti kesi ya talaka Tanga bila kumwanika mtoto

Wadogo zangu wa redio, mkifika mahakamani anzeni kwa karani: jitambulisheni, ulizeni kama shauri linasikilizwa wazi au faraghani. Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, husikiliza faraghani. Msiingie bila ruhusa. Kwenye talaka, ulizeni pia kama wahusika walipitia baraza la usuluhishi la ndoa, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka.

Sasa jina. Kulificha tu hakutoshi! Mkiandika “mvuvi wa eneo la Deep Sea, mwanawe yuko darasa la tatu Chumbageni,” kabla ya magharibi mtaa mzima ushamjua. Futeni kazi, shule, mtaa. Bakizeni alichoamua hakimu kuhusu malezi na matunzo, pamoja na sababu zake. Hayo wananchi wana haki ya kuyajua.