Kuitembea Dar kwa miguu: kutoka Feri mpaka Kariakoo

Kwa miaka kadhaa sasa, Jumapili nikiwa sina safari, naitembea Dar es Salaam kwa miguu. Njia ninayoanza nayo kila nikimpata mwenzangu ni hii, na wengi ninaowapitisha humu ni wazaliwa wa hapa hapa. Ni kilomita chache tu, lakini tenga saa tatu.

Hatua ya 1: Viatu. Niliwahi kutoka na kandambili. Nilipofika Mtaa wa Uhuru, ukanda ukachomoka. Fundi viatu mmoja chini ya mwavuli akapitisha msumari chini ya soli kuushikilia, akaniambia, "Kaka, hizi za bafuni." Vaa raba.

Hatua ya 2: Anza Feri, saa moja asubuhi. Panda basi la mwendokasi, shuka mwisho, Kivukoni. Pita soko la samaki mnada ukiwa umepamba moto, ila usisimame njiani kwa wabeba ndoo. Simu iache mfukoni: Ikulu ipo jirani na haipigwi picha.

Hatua ya 3: Ifuate bandari. Bahari ikiwa kushoto kwako, nenda mpaka kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu, kisha Mtakatifu Yosefu, yote ya enzi za Wajerumani. Mbele kidogo lipo Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultan Majid wa Zanzibar. Weka kiganja ukutani pale chokaa ilipobanduka, utagusa matumbawe. Nyumba hiyo imetoka baharini.

Hatua ya 4: Askari, halafu Samora. Rudi mpaka Posta ya Zamani, upande Mtaa wa Azikiwe. Sanamu ya Askari ipo hapo tangu 1927, singe yake ikielekea bandarini. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Wissmann, gavana wao, Waingereza walipoingia wakamwondoa. Kata kushoto, shika Mtaa wa Samora, na sasa inua macho. Chini ni mabango ya simu na maduka ya dawa. Juu ya mabango ndiko kwenye roshani, nakshi, na hapa na pale mwaka wa ujenzi. Mimi nilipita hapa utoto wangu wote nikitazama mabango.

Hatua ya 5: Mnazi Mmoja, polepole. Ukifika Mnara wa Saa, shika Mtaa wa Uhuru. Mpaka hapo umekuwa kivulini, maghorofa ya Uhindini yamebanana. Mara jua linakupiga utosini: uwanja mtupu, miti, upepo. Kwenye daladala hulioni hilo, unaona foleni tu. Waingereza waliugawa mji kwa rangi, Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja huu ukaachwa wazi uwatenganishe. Uvuke mguu kwa mguu. Ng'ambo yake ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, ilikozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru, tarehe 7 Julai 1954. Yaani hatua chache tu kutoka kwenye mpaka wenyewe. Mimi huwa nakaa hapo kwenye kivuli robo saa, sisemi kitu.

Hatua ya 6: Kariakoo. Ramani izime. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, hupotei. Sikiliza vikombe vinavyogonganishwa, ndiye muuza kahawa huyo. Nunua kikombe na kashata, wape wazee wa barazani shikamoo, kisha uliza swali moja tu: kwa nini mtaa huu unaitwa Sikukuu, au ule Narung'ombe? Watabishana. Usiwaamue. Agiza kikombe cha pili, toa kalamu, andika majibu yote.