Maumivu sugu ambayo vipimo havijayaona: namna ya kuyaeleza na kuishi nayo

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Majibu yakitoka safi, maana yake ni kwamba kipimo hakikuona jeraha, si kwamba huumwi. Mishipa ya fahamu inaweza kuendelea kupeleka taarifa za maumivu hata mahali palipokwisha kupona. Shirika la Afya Duniani linayatambua maumivu ya namna hii katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022.

Kabla ya kumwona daktari, andika kwa siku 14: saa, mahali, ukali kuanzia 0 hadi 10, usingizi, na kazi iliyokushinda. Hili la mwisho ndilo lenye uzito. “Ni 8” hupuuzwa kirahisi. “Siwezi kusimama dakika 10 nikiosha vyombo” inaeleweka. Usitie chumvi, wala usijikaze mbele ya daktari ukaonekana mzima.

Kosa linaloumiza wengi ni kumaliza kazi zote siku ya nafuu, kisha kulala siku mbili. Kama maumivu hupanda ukitembea dakika 20, tembea 10, pumzika, rudia. Ongeza dakika 1 kwa wiki. Fuata saa, kwa sababu mwili huonya ukiwa umeshachelewa.

Ndugu akisema unajisingizia, usibishane. Mwombe jambo moja dogo: “Nibebee ndoo hii.”

Ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikalegea ghafla au mkojo ukashindwa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyohiyo.