Sinia la pilau darasani

Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha biashara ya Bahari ya Hindi kwa ramani. Mishale myekundu ya kwenda, ya bluu ya kurudi, na kidato cha kwanza kizima kinasinzia. Siku hizi naingia na sinia. Mwalimu mwenzangu, ukitaka kujaribu, fanya hivi.

Jioni ya kuamkia kipindi, kusanya mchele, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, ndizi mbichi na ndimu. Ongeza nyanya, pilipili mbichi, muhogo na hindi moja. Viungo visiwe vya unga, maana mtoto anatakiwa avishike na kuvinusa. Ukipata kipande cha boriti ya mkoko, beba.

Usianze na sinia. Anza na upepo. Waulize: jahazi lililokuja na kaskazi kutoka Oman, likatia nanga hapa Januari, litarudi lini? Kwetu Tanga hakosekani mtoto wa mvuvi wa kujibu: lingoje kusi, kuanzia Aprili. Hapo simama kidogo. Huyo baharia atafanya nini pwani miezi yote hiyo? Watacheka, na wa kwanza atasema, "Anaoa, mwalimu." Mpe alama. Anaoa, anaswali, anakopesha, na watoto wake wanakua na lugha mbili. Ndiyo sababu tunasema nahodha na bandari, maneno ya Kiajemi, na ndiyo sababu msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Boriti waonyeshe sasa: jahazi halikurudi tupu. Lilipakia boriti za kuezekea nyumba za Ghuba ya Uajemi, pembe za ndovu, na dhahabu ya Sofala, Msumbiji, iliyopitia Kilwa.

Sasa zungusha viungo, na kwa kila kimoja waulize jina kabla ya asili. Jina mara nyingi humtaja muuzaji, shamba likasahaulika. Pilipili manga: Manga ni Uarabuni, lakini mmea wenyewe ni wa Malabar, India. Mdalasini unatokana na darchini ya Kiajemi, yaani mti wa China, ilhali mdalasini mzuri zaidi ulitoka Sri Lanka. Mahindi ndiyo yaliyoniaibisha mimi. Nilifundisha muda mrefu kwamba yametoka India kwa sababu ya jina, kumbe asili yake ni Amerika.

Zoezi lenyewe ni hili. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mogadishu akielekea Mombasa na Kilwa. Aliandika alichokaribishwa: wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe. Waambie wanafunzi waondoe kwenye sinia kila kitu ambacho asingeweza kukikuta. Usiwasaidie. Watabishana. Mwaka fulani binti mmoja alikatalia muhogo: bibi yake analima muhogo, na mama wa bibi pia alilima. Mwachie abishe, kisha mpe mwaka 1492, Columbus alipofika Amerika. Kabla ya hapo hakuna meli iliyoleta mazao ya Amerika huku, kwa hiyo muhogo unatoka, hindi linatoka, pilipili mbichi inatoka, nyanya inatoka. Sinia linabaki jeupe, na huo ndio wakati wanaouliza maswali yenyewe.

Karafuu iweke mwisho. Ni ya visiwa vya Maluku, na ilipandwa kwa wingi Unguja na Pemba karne ya 19, enzi za Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Liseme wazi, usilipitie juu juu kwa sababu harufu ni nzuri.

Kengele ikilia, peleka vyote jikoni. Na nyanya zirudishe, kwa sababu kachumbari ya mwaka 1331 wanafunzi wangu wameikataa.